Maneno Yaliyokatwa Riyadh

Hadithi hii ni ya kweli. Sisemi kweli iliyoongezwa maji kama maziwa ya sokoni. Nasema kweli tupu, ile ambayo ukiigonga kwa kijiko inalia. Anayetilia shaka na aje aniulize mimi mwenyewe, nami nitamhakikishia kwamba ni kweli.

Methali niliyopewa niithibitishe inasema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Maana yake haina mafumbo. Mtu aliyepanda uongo ili umfikishe aendako huteremshwa kabla ya kituo chake, tena pamoja na mizigo yake yote. Wapo watakaoithibitisha kwa maneno matamu. Mimi nitaithibitisha kwa kilomita.

Ilikuwa katika miaka ile ya mageuzi kule Saudia, wakati wanawake walikuwa wamekwisha kushika usukani wa magari yao, sinema zimefunguliwa, na kila mtu akilala na tangazo moja na kuamkia jingine. Katika mtaa wa Al-Naseem, mashariki mwa jiji la Riyadh, aliishi Madam Hesa na binti yake Lujeini, mtoto wa miaka minane mwenye macho makubwa kama vikombe vya kahawa. Mume wa madam, Bosi Fawaz, alikuwa Jeddah kwenye mradi wa kufuga samaki, na nyumbani alionekana mara chache kama mvua ya Riyadh.

Familia hiyo ilikuwa imekaa miaka mitano Norwe, nchi ya theluji huko kaskazini mwa Ulaya, ambako bosi alisomea mambo ya samaki hao. Lujeini alianza shule huko, kisha wakarudi nyumbani, na Kinorwe chake kikayeyuka kama barafu juani. Sasa bosi alikuwa ameitwa tena Norwe kwa kazi ya miaka mitatu. Shule ya huko ikasema itampokea mtoto katika darasa la wenzake iwapo tu atasoma vizuri mbele ya mwalimu, ana kwa ana, kupitia kioo cha kompyuta.

Katika nyumba hiyo alifanya kazi Selipher, binti wa Kitale, mrefu, mpole, mwenye mikono isiyojua kukaa bure. Alikuwa amepata kazi hiyo kwa njia ambayo wengi waliokwenda Arabuni wanaijua. Ajenti wake wa Nairobi, jamaa mmoja kwa jina Timothy, alikuwa akimjazia fomu huku akitafuna chingamu.

"Umewahi kufanya kazi wapi, dada?"

"Kwa wamishenari fulani kutoka Norwe, pale Kitale. Nilikuwa nikiosha vyombo."

Timothy akaandika: Kinorwe, anakimudu vizuri sana.

"Lakini mimi sijui Kinorwe!" Selipher akamaka. "Najua kusema asante, kwaheri, na kahawa. Basi."

"Wee, unataka kazi ama unataka kuungama? Hizo fomu hakuna mtu husoma."

Fomu ilisomwa. Ilisomwa na Madam Hesa, herufi kwa herufi, na miongoni mwa wasichana hamsini akamchagua yule mmoja. Siku ya kwanza jikoni alimuuliza, "Selipher, ni kweli unajua Kinorwe?"

Selipher angeweza kujibu hapana. Neno lenyewe halina uzito, lina silabi tatu tu. Badala yake akachagua lenye mbili.

"Ndiyo, madam."

Madam akafurahi hata akamshika mabega. "Basi tukienda, tunakwenda nawe. Huko mfanyakazi wa nyumbani ana chumba chake na ufunguo wake. Jioni kazi ikiisha, halas, ni mambo yake. Wewe mfundishe Lujeini asome, mengine niachie mimi."

Chumba na ufunguo wake! Selipher alikuwa hajawahi kumiliki hata kofuli. Kuanzia siku hiyo safari ya Norwe ikawa ndiyo ndoto yake ya mchana, na uongo ule ukawa ndio nauli.

Mwalimu wa Norwe alituma orodha ya maneno mia moja na sitini. Ilipofika, Selipher aliipitia mara mbili asilitambue hata neno moja. Wanorwe wana tabia moja: wakiwa na maneno mawili hawayaachi yatembee mbalimbali kama watu waliokosana. Huyaunga yakawa neno moja refu kama treni. Koti la mvua ni neno moja. Nyumba ya wagonjwa, neno moja. Kipepeo, ambaye wao humwita ndege wa kiangazi, neno moja. Ndani ya maneno hayo mna o iliyochomwa mkuki tumboni na a iliyovikwa pete kichwani. Kazi ilikuwa kuandika kila neno kwenye kadi ngumu, kisha kulikata kwa mkasi, silabi baada ya silabi, ili mtoto azipange, azipigie makofi na kuzisoma.

"Kata kumi kwa wiki," madam akamwambia asubuhi moja akivaa miwani yake ya jua. Alikuwa amepata kazi benki, na alijiendesha mwenyewe. "Mimi Kinorwe changu kiliishia dukani. Baba ndiye anayekijua, lakini baba yuko Jeddah. Yalla, narudi saa kumi."

Mlango ukafungwa. Selipher akabaki na mkasi mkononi na orodha mezani. Akatazama neno la kwanza. Likamtazama. Akaligeuzia simu yake ipige picha. Simu ikamwambia maana yake ni mpira wa theluji. Simu ilijua kutafsiri, haikujua kukata. Na kadi, ndugu msomaji, si kama kitambaa. Ukiikata vibaya haishoneki.

Mchana huo alipanda darini kuanika nguo, akamwita jirani yake Keziah, Mkenya aliyefanya kazi nyumba ya pili.

"Keziah, niokoe. Nimeingia choo cha kike na mimi ni mwanamume."

"Wewe mwanamume tangu lini?"

"Acha mzaha! Unajua mtu yeyote anayejua Kinorwe?"

Keziah alifikiri, kibanio cha nguo kinywani. "Kuna mzee mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Kitale. Anaitwa Kipchumba. Yuko Jeddah, Al-Baghdadiyah, anatunza stoo ya duka la vyakula. Huyo kila siku anatuambia alizunguka dunia miaka sita kwenye meli ya Wanorwe, eti nahodha alikuwa hali mpaka yeye amwonjee chakula."

Hapa sina budi kusema neno juu ya Kipchumba, maana watu wamemsengenya sana. Alikuwa mtu muungwana, mtanashati kwa umri wake, mwenye akili nyingi kuliko kazi aliyopewa. Aliyajua mambo mengi bila kufundishwa na mtu. Ni kweli kwamba meli yenyewe hakuwahi kuipanda. Meli aliiona ikipakuliwa, na Kinorwe alikisoma kwenye mikebe ya samaki. Lakini je, mtu anayesoma kila kibandiko cha mkebe kwa miaka kumi na minne hana haki ya kujiita msomi?

Selipher alimtumia picha ya orodha. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, nzito, tulivu, sauti ya mtu aliyeshiba.

"Binti yangu, usiwe na wasiwasi. Hiyo ni lugha nyepesi kama uji. Chukua kalamu. Neno la kwanza, mpira wa theluji, andika: si, no, ba, li. Makofi manne."

"Lakini mzee, hapa sioni hiyo i," Selipher akajibu kwa sauti ya chini, mlango wa stoo ya ufagio ameufunga.

"Irabu nyingine huwa zimejificha kwa sababu ya baridi. Andika."

Akaandika. Akakata. Wiki ya kwanza kumi, wiki ya pili kumi. Kipchumba alikata Kinorwe jinsi mama yake alivyomfundisha kukata Kiswahili, kila silabi ikomee kwenye irabu, na pale irabu ilipokosekana alitoa yake mfukoni. Koti la mvua likawa vipande vitano. Mashine ya kufyonza vumbi, ambayo Selipher aliisukuma kila siku toka chumba hadi chumba, ikawa makofi sita. Hakuna aliyeuliza neno moja linaishia wapi na la pili linaanzia wapi, ijapokuwa mshono ulikuwa pale katikati, wazi kama kiungo cha kidole.

Siku za mwanzo Lujeini alicheka. Alipiga makofi sebuleni mpaka vikombe vikatetemeka. Kisha kicheko kikapungua. Wiki ya tatu alisimamisha viganja hewani, akamkazia Selipher macho.

"Hivi ndivyo?"

"Hivi ndivyo, habibti."

Mtoto akamwangalia kitambo, akashusha macho, akaendelea kupiga makofi. Hakuuliza tena. Selipher angefurahi iwapo angeuliza. Usiku na mchana alihesabu kadi zilizobaki. Akisikia simu ya madam ikilia, alidhani ni bosi. Akisikia gari likisimama nje, alidhani ni bosi. Alipungua mwili hadi madam akamnunulia dawa ya minyoo.

Miezi minne ikapita hivyo. Sanduku la viatu likajaa kadi zilizokatwa, mia moja na sitini, na Madam Hesa akatangaza mezani, "Alhamisi tunakwenda Jeddah. Lujeini atasomea huko Jumatatu, kwenye nyumba ya baba kule Ruwais. Jumamosi baba atamsikiliza kwanza. Anataka kufurahi."

Selipher alikuwa akimimina chai. Aliimimina hadi ikafurika kwenye kisahani, ikashuka mezani, ikafika kwenye goti la madam.

Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni kilomita mia tisa na hamsini. Madam aliziendesha zote, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye pipi za ubani. Joto la siku hiyo lilikuwa kali hata niliambiwa ngamia walikuwa wakipokezana kivuli kwa zamu, robo saa kila mmoja. Lujeini alilala. Selipher alikaa nyuma na sanduku la kadi mapajani, akalishika kama mtu aliyebeba yai la mbuni. Kila kibao cha barabarani kilichopunguza kilomita kilimpunguzia na pumzi. Walipokunywa chai kwenye kituo cha mafuta, alitamani gari likatae kuwaka. Liliwaka mara moja. Magari ya watu wenye hofu huwa hayaharibiki.

Ijumaa baada ya sala ya mchana aliomba ruhusa ya saa moja akanunue mafuta ya nywele. Akavaa abaya yake, akatoka Ruwais kwa miguu, akauliza njia hadi Al-Baghdadiyah. Alitaka jambo moja tu: mzee aipitie angalau kadi kumi kwa macho yake, aseme ziko sawa, ili alale. Duka alilipata limefungwa kwa mapumziko. Nyuma yake kulikuwa na mlango mdogo wa bati, na nje ya mlango viatu vya mwanamume.

Akabisha. "Hodi! Mzee Kipchumba! Ni mimi Selipher wa Riyadh."

Akabisha tena.

"Mzee, nimekuja na kadi. Kesho bosi anasikiliza. Nifungulie dakika tano tu."

Ndani, Kipchumba alikuwa amejibana kati ya gunia la mchele na ukuta. Alikuwa akila, na tonge lilikuwa mdomoni. Hakuthubutu kulimeza wala kulitema. Kisigino kikaanza kumwasha, asiweze kukikuna. Mnaomlaumu, jiulizeni mngefanya nini.

Selipher akaweka paji la uso wake kwenye bati. Sauti yake ikashuka.

"Mzee wangu, sikugombezi. Niambie tu. Uliwahi kupanda hiyo meli?"

Mle ndani gunia la mchele lilitoa mlio mdogo, kama mtu aliyehama mguu. Halikusema zaidi. Selipher akasubiri mpaka jua likamchoma shingo, na katika kusubiri huko akaelewa. Alikuwa akipokea uongo kwa mkono wa kushoto na kuutoa kwa mkono wa kulia, na katikati alikuwa mtoto. Akageuka, akarudi Ruwais bila mafuta ya nywele. Njiani aliazimia kusema kila kitu asubuhi, kabla ya kadi kufunguliwa. Akapiga moyo konde. Alipanga hata maneno: Bosi, nina jambo.

Asubuhi alikuta bosi ameamka kabla yake.

Bosi Fawaz alikuwa ameketi mezani, mikono ya kanzu ameikunja, sanduku la viatu limefunguliwa, kadi zimetandazwa kuanzia ukingo mmoja wa meza hadi mwingine. Madam alisimama nyuma ya kiti chake. Lujeini aliketi mkabala, mikono chini ya mapaja. Bosi aliinua kipande kimoja, akakisoma. Akainua kingine, akakiweka kando yake, akavisoma vyote viwili. Akakuna ndevu. Kisha akamgeukia Selipher, na kwa upole wote akamuuliza kwa Kinorwe swali ambalo mtoto wa chekechea angelijibu: alijifunzia wapi lugha hii?

Selipher alitafuta katika kichwa chake chote. Humo mlikuwa na maneno matatu. Akatoa moja.

"Takk," akasema. Yaani, asante.

Hakuna aliyecheka. Bosi akauliza tena, safari hii kwa Kiarabu, na polepole. "Selipher. Hizi kadi amekata nani?"

"Mimi, bosi."

"Kwa kufuata nini?"

Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa yametawanyika kama kuku walioona mwewe. Akapiga magoti. "Sijui Kinorwe, bosi. Sijawahi kukijua. Niliosha vyombo vyao tu. Ajenti aliandika, na madam aliponiuliza nikasema ndiyo."

Madam Hesa akavuta kiti akaketi. "Miezi minne! Kila jioni nakuuliza, leo mmeendaje, unasema vizuri madam. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa, madam. Ulisema tutakwenda wote."

"Na mtoto wangu je?"

Hapo Lujeini akatoa mikono yake chini ya mapaja. "Mimi nilijua," akasema.

Wote wakamgeukia.

"Nilijua tangu wiki ya tatu. Nikipiga makofi yalikuwa yanazidi. Lakini ningesema mngemrudisha Selipher kule ofisi ya ajenti, kama yule msichana wa kwanza." Akamtazama Selipher. "Kwa hiyo nikajifunza yake."

Nawaambia, Selipher alikuwa amejiandaa kwa makofi ya bosi, kwa kelele za madam, kwa tiketi ya kurudi. Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Alilia kwa sauti, kanga mdomoni, kwa kuwa aligundua kwamba alikuwa amemfundisha mtoto kitu kimoja kwa ufasaha, na hakikuwa kusoma.

Bosi hakupiga kelele. Alizikusanya kadi zote kwa kiganja, akazimwaga kwenye pipa la taka. Kisha akaleta kadi mpya, akaandika neno la mashine ya kufyonza vumbi, akaliweka mezani zima.

"Njoo," akamwambia Lujeini. "Na wewe, Selipher, simama, uje. Hatuna mwalimu mwingine. Sufuria mbili zikibebana kabatini, unafanya nini kwanza? Unazikatakata?"

"La, bosi. Naitoa moja ndani ya nyingine."

"Basi. Kwanza tafuta palipobebana. Hapa kuna vumbi, hapa kuna kinachofyonza. Tenganisha hivyo. Ukishatenganisha, ndipo ukate vidogo vidogo."

Lujeini akaweka ukucha katikati ya neno, pale hasa. "Hapa."

"Hapo hapo. Makofi mangapi?"

Mtoto akapiga matatu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alitabasamu, kisha akampa Selipher mkasi.

Walikata Jumamosi yote na Jumapili yote, meza ikiwa haitoshi, wakahamia sakafuni. Selipher alishika kadi na kuuliza, mtoto akajibu. Kila Selipher alipokosea alisema, "Hili silijui, nionyeshe," na aliona ajabu kwamba sentensi hiyo haikumuua. Lakini siku mbili haziwezi kubeba mzigo wa miezi minne. Jumatatu, mbele ya kioo cha kompyuta, Lujeini alisoma maneno arobaini kwa sauti safi. Kwenye neno la arobaini na moja viganja vyake vikasahau, vikapiga makofi ya Al-Baghdadiyah. Mwalimu wa Norwe alitabasamu kwa huruma. Akaamua kwamba mtoto aanze darasa la nyuma, la wadogo zake, hadi atakapowafikia wenzake.

Jioni Madam Hesa alimwita Selipher kwenye baraza. Macho yalikuwa mekundu, sauti ilikuwa tulivu.

"Sikurudishi ofisini. Lujeini amenililia siku tatu. Utarudi Al-Naseem, ukae na mama yangu mpaka mkataba uishe, na ikama yako, kibali chako cha kukaa, haitaguswa. Lakini Norwe, mafi, hutakwenda. Siwezi kukaa nchi ya ugenini na mtu ambaye nikimuuliza, umezima jiko, sitajua kama jibu lake ni jibu ama ni woga."

"Ndiyo, madam," Selipher akasema, na safari hii ndiyo ilikuwa ndiyo kweli.

Mwezi uliofuata alifunga mabegi matatu ya watu wengine, akayashusha hadi kwenye gari, akapunga mkono mpaka likakata kona. Kisha akapanda ngazi kwenda kumchemshia bibi uji.

Hadithi yangu ilikomea hapo. Nikaipiga msasa, nikaongeza sentensi mbili za kumsifu Kipchumba, na Jumamosi iliyopita nikaisoma mbele ya watu katika maktaba yetu hapa Kitale, ambapo Mwalimu Lois hutukusanya sisi wastaafu na kumpa kila mmoja methali aithibitishe kwa hadithi, ili tusigombane na wake zetu. Nilisoma vizuri. Watu walicheka penye kucheka na kuguna penye kuguna. Nilipofunga daftari, mwanamke mmoja mrefu aliyekaa nyuma, mgeni aliyeletwa na jirani yake, akasimama. Hakupiga makofi.

"Mzee, samahani. Naomba urudie pale kwenye mpira wa theluji."

Nikafurahi. Mwandishi gani hapendi kurudia? Nikakohoa, nikatoa sauti yangu ya kifuani. "Si, no, ba, li. Makofi manne."

"Asante," akasema. "Sauti hiyo niliisikiliza miezi minne ndani ya stoo ya ufagio. Mimi ndiye Selipher. Na wewe si msimulizi tu, mzee Nahashon. Wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya mlango."

Maktaba nzima ikageuka. Nilifungua kinywa nipate uongo mmoja mdogo, wa kuvukia tu. Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu sitini na minane sikupata hata wa dawa. Masikio yakanichoma. Nikatazama chini.

"Umejuaje kisigino kilimwasha?" akauliza Mwalimu Lois, akinikazia macho juu ya miwani.

"Kiliwasha sana," nikasema.

Watu wakavunjika mbavu. Selipher hakucheka. Alikuja mbele hadi akasimama karibu nami, akaniambia kwa sauti ya chini kama ile ya siku ya bati. "Nilitaka neno moja tu, mzee. Ungesema hujui, ningekiri siku hiyo hiyo, na mtoto angekuwa na siku moja zaidi."

"Nilikuwa sijui, binti yangu," nikasema. "Sikujua hata kidogo. Nisamehe."

Sasa nalipa. Mwalimu Lois alitoa hukumu hapo hapo na Selipher akaiidhinisha: kila Jumamosi, kwa muhula mzima, naketi kwenye kigoda pamoja na watoto wa chekechea, nakata kadi za silabi na kupiga makofi, na mtoto akiniuliza nisilolijua ni lazima niseme sijui, kwa sauti, mara tatu. Wiki hii pekee nimesema mara thelathini na tisa. Jogoo wangu mwekundu naye amekwenda kwa Selipher kuwa fidia, na sikusindikizwa na mtu kumpeleka. Nimetozwa pia niandike jina langu kwa mkono wangu: kila mahali uliposoma Kipchumba, msomaji, soma Nahashon, na zile sifa zifute; ya nyumbani kwa madam niliyasikia kwa Keziah kwenye kundi letu. Mimi niliyeapa kwamba ni kweli tupu nimenaswa maktabani, hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti changu hadi mlangoni, na wala sikuufikia, kwa maana njia ya mwongo ni fupi.